Enemy Mine (1985): ilianguka kwa kosa la nani?

Mwanakirumba:
Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Utotoni niliiona filamu hii katika kibanda umiza cha Kirumba, mkalimani akiitangaza kama mpira wa watani wa jadi, nikaondoka nikiamini kwamba ni ya vita tu. Juzi nimeitazama bila mkalimani. Vita vinaisha mapema, kisha wanabaki rubani Davidge na adui yake Jerry, kiumbe wa jamii ya Drac, wamekwama kwenye sayari ngeni na hakuna atakayepona bila mwenzake. Kwa nini kazi kama hii iliporomoka?

Mzee wa Nyegezi:
Kijana wangu, iliporomoka kabla haijafika kumbini. Mwongozaji wa kwanza, Mwingereza Richard Loncraine, alianza kupiga picha Aislandi, lakini kampuni ya 20th Century Fox haikuridhika na alichokileta, ikamwondoa na kumkabidhi kazi Mjerumani Wolfgang Petersen, aliyekuwa amejijengea jina kwa filamu ya manowari, Das Boot. Petersen hakuziba viraka. Alianza upya, akaihamishia kazi kwenye studio za Bavaria mjini Munich, na mandhari ya nje akayapata Lanzarote, kisiwa cha Uhispania chenye miamba ya volkano. Waigizaji wakuu, Dennis Quaid (Davidge) na Louis Gossett Jr. (Jerry), walibaki, kwa hiyo filamu moja iligharimiwa kama mbili. Ilipotoka Desemba 1985, kumbi za Marekani ziliingiza takriban dola milioni 12 tu, fedha ambazo hazikufikia hata nusu ya gharama. Kwangu mimi lawama ni ya wenye fedha, si ya mwongozaji yeyote kati ya hao wawili.

Mjukuu wa Ukerewe:
Shikamoo mzee. Nakubali kuhusu fedha, ila kisa chenyewe nacho kiliguswa. Kinatokana na hadithi ya Barry Longyear ya mwaka 1979, iliyopata tuzo za Hugo na Nebula, na ndani yake hamna mgodi wala watumwa. Mgodi uliongezwa kwenye filamu, na kwa kuwa neno la pili la jina lake kwa Kiingereza ni “wangu” na pia ni “mgodi”, jirani zetu wa Geita wangedhani inawahusu. Tangu mgodi uingie, filamu inakuwa ya risasi kama nyingine zote.

Kinachoniliza mimi ni nasaba. Jerry anakufa akijifungua, na Davidge anaapa kumpeleka mtoto, Zammis, mbele ya baraza la Drac na kuwataja wazee wa ukoo wake mmoja mmoja. Marehemu bibi yangu hakutupa samaki mpaka tutaje majina ya mababu bila kuruka hata mmoja, kwa hiyo nilipomsikia mgeni akikariri ukoo usio wake, nilisimamisha picha kwanza.

Mwanakirumba:
Marahaba kwa niaba ya mzee, maana naona amekwenda kulala. Dada, basi irudie ile sauti ya mwisho kabisa: Zammis anapompeleka mwanawe mbele ya baraza, jina la Willis Davidge linaongezwa kwenye ukoo. Pale kibandani hatukuwahi kulisikia, kwa sababu mkalimani alikuwa ameshaanza kuitangaza picha inayofuata.