Naomba ushauri: mume wangu Mmeksiko aende Ciudad Juárez kusailiwa?

MamaNeema: Wanajukwaa, mimi ni Mtanzania mwenye uraia wa Marekani, ninaishi Houston, na mume wangu ni Mmeksiko aliyevuka mpaka bila viza mwaka 2004. Ombi nililomfungulia kama mke limekubaliwa, na sasa anatakiwa Ciudad Juárez, nchini Meksiko, ambako Wameksiko husailiwa viza za uhamiaji, ili arudi akiwa mkazi wa kudumu. Je, kuna hatari?

Mzee_wa_Kilifi: Binti yangu, mimi niliipata kadi ya ukazi kwa bahati nasibu ya viza, na siku hiyo marehemu mama alichinja mbuzi. Mumeo naye ajaribu.

Karani_Mstaafu: Mzee, Wameksiko hawamo katika bahati nasibu hiyo. MamaNeema, aliyekaa bila kibali mwaka mzima au zaidi, akitoka tu huzuiwa kurudi miaka 10, isipokuwa awe ameombewa msamaha kwa kuthibitisha kwamba wewe mkewe utapata dhiki iliyopita kiasi. Je, tangu 2004 hajawahi kutoka?

UstadhKheri: Vijana wa kwetu walikosa nini, hata ukajitafutia mitihani ya mipakani?

Karani_Mstaafu: Dada, swali langu halijajibiwa.

MamaNeema: Msamaha tulipewa. Alitoka mara moja tu, mwaka 2011, kumzika mama yake, akarudi kwa njia ile ile. Nani angekosa maziko ya mzazi? Isitoshe, kazini ameshaaga na tiketi tumeshakata.

Karani_Mstaafu: Basi mambo yamebadilika kabisa. Aliyekaa bila kibali zaidi ya mwaka, akatoka, kisha akaingia tena kwa siri, kizuizi chake ni cha kudumu. Msamaha mliopewa haukiondoi, na ni lazima akae nje miaka 10 ndipo aweze hata kuomba ruhusa ya kurejea.

Kibonge: Shemeji, mfuate huko huko, kwenye mahindi ugali haukosekani.

JichoPevu77: Mimi kisa hiki sikiamini. Fomu ya msamaha huuliza habari za kuingia na kutoka, kwa hiyo ama mliandika uongo, ama mume huyo hayupo.

MamaNeema: Mume ninaye, naye anasoma haya nikimtafsiria. Fomu alitujazia notario (mthibitishaji wa hati) wa mtaani, akasema safari ya maziko haina haja ya kutajwa.

Karani_Mstaafu: Notario wa Texas si wakili. Asipande ndege kabla wakili wa uhamiaji hajalisoma faili lote, pamoja na hilo lililofichwa.

MamaNeema: Nimekusikia, kaka, lakini nauli ya tiketi hii hairudishwi.