Siasa kwenye kiti cha daktari wa meno: tupeane uzoefu

Koleo la Temeke (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Mimi ni daktari wa meno, nina kliniki ndogo hapa Dar. Uzi huu ni wa wenzangu wa fani, na pia ni wenu nyie mnaolala kwenye viti vyetu. Siasa zikiingia chumba cha matibabu huwa mnafanyaje?

Tangu kampeni zilipoanza Agosti 2025 hadi Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu, na yale yaliyofuata, intaneti kuzimwa na watu kuamriwa wasitoke nje jioni, karibu kila anayekaa kwenye kiti ananiuliza, "Dokta, unaionaje hali?" Wanawahi kuuliza kabla ya sindano ya ganzi, maana wanajua baada ya hapo ulimi hautakuwa wao.

Msimamo ninao. Kura yangu najua niliifanyia nini. Ila kwenye kiti sisemi, na si kwa sababu ya woga peke yake (woga upo, tusidanganyane). Mtu nikishampanua mdomo na kumwekea bomba la kufyonza mate, aliyebaki na uwezo wa kuongea chumbani ni mimi tu. Nikitoa yangu ya moyoni hapo, nahutubia mtu ambaye hawezi kunijibu wala kunyanyuka akaondoka. Mheshimiwa jukwaani angalau unaweza kumzomea.

Halafu kuna upande wa kitaalamu. Kabla ya kung'oa napima presha. Mtu anaingia akiwa vizuri, mnagusia uchaguzi kidogo, ukirudia kipimo namba zimepanda, na ganzi nyingi tunazotumia zina adrenalini ndani, ambayo nayo inaweza kuipandisha. Inabidi umwache apoe wakati foleni nje inaguna.

Masharti ni mawili: tusipigie chama kampeni humu, na tusimtaje mgonjwa kwa jina. Karibuni.

---

Gego la Chini

Mimi ni mgonjwa, niseme ya upande wetu.

Niliwahi kutibiwa mzizi wa jino na daktari mmoja mwenye mkono mwepesi sana, sijapata kuona. Tatizo lake ni mdomo. Alianza na bei ya mafuta, akaja kwenye katiba, akamalizia kwa wabunge, yote hayo nikiwa nimekodoa macho kwenye taa. Kila baada ya sentensi mbili ananiuliza, "Si ndiyo?" Nikiguna kwa maumivu, yeye anahesabu nimeunga mkono. Mpaka nashuka kitini siku hiyo nadhani kwenye kichwa chake mimi ni mwanachama mwenye kadi.

Nilirudi kwake kukamilisha dozi? Nilirudi. Mkono kama ule huuachi hivi hivi. Ila nilivaa spika za masikioni.

---

Mmeru wa Usa

Mleta uzi, nakuheshimu, ila kanuni yako ni ya watu wa Dar. Njoo ufanye kazi huku Arumeru uone kama utaweza kukaa kimya.

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno. Huku mama anakuja na binti wa darasa la sita anayecheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Meno ya mbele ni ya kahawia, mengine yana mashimo mashimo. Mama anauliza kuna dawa gani ya kusugua. Hakuna. Rangi ile si uchafu, imejengeka ndani ya jino tangu mtoto ana miaka michache, jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya. Ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji yetu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku kwetu kuna vyanzo vimepimwa vikapita 10, na nchi yenyewe kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4 kwa sababu ya uhaba wa maji. Ongeza na magadi tunayopikia makande na maharage, nayo yana floraidi.

Mama ananiuliza tena, sasa huyu mdogo wake mgongoni tumfanyeje? Jibu la kitabibu ni moja: abadilishiwe maji. Maji mengine yako wapi? Hapo tumeshafika kwa diwani na mbunge, hata kama hakuna aliyewataja. Ule mradi mkubwa wa maji wa Arusha, wa zile bilioni 520, kila mgonjwa anataka kujua bomba litafika kwake au litaishia mjini.

Mimi huwa namwambia mama, kwenye mkutano wa kijiji nyanyua mkono uulize maji ya bombani kwenu yamepimwa lini na floraidi ilikuwa ngapi. Mwenyekiti mmoja alisikia, akanifuata kazini kuniuliza nimetumwa na chama gani. Nikamwekea karatasi ya viwango mezani. Akaisoma yote, akakaa kimya, kisha akaniuliza kama yake naweza kuyafunika weupe. Alikuwa na meno yale yale.

Kwa hiyo mimi vyama siongei. Maji naongea, na sitaacha.

---

Koleo la Temeke

Mmeru, hapo sina ubishi. Hata mimi kuna mahali kimya kinanishinda. Machi 2024, hospitali binafsi zilipositisha kuwahudumia wenye kadi za NHIF, bima ya afya ya taifa, kwa sababu ya kile kitita kipya cha bei za huduma, mtu anakuja shavu limevimba, kadi mkononi, ananiuliza kosa ni la nani. Utamjibu nini bila kuingia kwenye siasa? Nilimpasua jipu kwanza, hesabu tukafanya baadaye.

---

Daktari wa Bonde la Ufa

Hamjambo majirani. Niko Nakuru.

Huku kwetu siasa haianzii kwa chama, inaanzia kwa jina la mwisho, linaloonyesha kabila. Mgonjwa anafika, anasoma kibao mlangoni, na kabla hajaketi ameshapiga hesabu nilipigia nani. Sisi tuliokuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hatulichukulii jambo hilo kama mzaha. Kibao changu sasa kina jina la ubatizo tu. Bado wapo wanaodadisi, "Daktari, nyumbani ni wapi hasa?" Nawajibu nyumbani ni Milimani, mtaa wa hapa hapa Nakuru, na nawaomba wafungue mdomo.

Kuhusu runinga: Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya urais, runinga ya pale wagonjwa wanaposubiri ilikuwa imewashwa. Upande mmoja wa benchi walisimama wakishangilia, upande wa pili wakawa kimya kabisa, na mama mmoja akamshika mtoto wake mkono wakaondoka bila jino kung'olewa. Kuanzia hapo tunaonyesha wanyama. Haikusaidia sana. Mzee mmoja alitazama mamba akimvizia nyumbu mtoni, akamtaja mwanasiasa, na mjadala ukaanza upya.

Ila kuna siasa nyingine ambayo siwezi kuikwepa kwa kubadilisha chaneli. Chama chetu cha wafanyakazi, KMPDU, ni cha madaktari, na sisi wa meno tumo ndani. Mgomo ulioanza Desemba 2016 ulifika siku 100, na viongozi wetu wakafungwa jela Februari. Wakati huo nilikuwa hospitali ya umma. Tuliporudi kazini Machi, watu walikuja na meno ambayo Desemba yangezibwa, sasa ni ya kung'oa. Mwanamume mmoja wa bodaboda aliniambia nikiwa nimeshika koleo: "Mlikuwa mnagoma na jino langu." Nilimweleza kuhusu mkataba wa 2013 ambao serikali iliutia sahihi na haikuutekeleza. Alinisikiza mpaka mwisho. Akasema hayo yote ni kweli na jino lake pia ni kweli.

Siku hizi ni SHA, bima mpya ya afya ya serikali. Asilimia 2.75 ya mshahara inakatwa, na kila mtu anataka nimwambie kama itamlipia jino. Hapo nakuwa msemaji wa serikali bila mshahara wa usemaji.

---

Spana Mkononi

Kwani madaktari wa meno hawana bahati ya siasa? Turkmenistan ilitawaliwa na daktari wa meno, Gurbanguly Berdimuhamedow, kuanzia 2007 hadi 2022, kisha akamwachia mwanawe. Na kule Arizona, Marekani, kuna mbunge, Paul Gosar, daktari wa meno pia. Mwaka 2018 ndugu zake sita wa damu walijitokeza kwenye matangazo wakiwaomba watu wampigie kura mpinzani wake. Kama ndugu sita wanaweza kukukana mbele ya kamera, mgonjwa mmoja akikununia ni kitu gani?

---

Bi Kirembo

Assalaam aleykum. Mie ni wa Pemba. Marehemu baba alikuwa tabibu wa meno, na haya nimeyaona kwa macho yangu nikiwa kijana.

Baada ya uchaguzi wa 1995 watu walikatana kwelikweli. Mtu hanunui duka la mwenziwe wa chama chengine, hendi harusini kwake, hata mazishini baadhi hawakuwa wakizikana. Baba chama chake kilijulikana. Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa upande wa pili, na salamu zilishakatika baina yao.

Usiku mmoja tukasikia hodi. Jirani, kajifunga kanga kichwani, shavu kama embe dodo. Baba hakumwuliza kitu. Alichukua taa, akamkalisha kiti cha jikoni, akamchoma sindano, wakangojea ganzi ishike. Mama akasema huku chumbani kwamba hajapata kuona watu wawili wakingojana kimya namna ile. Jino likatoka, mtu akauma pamba, akenda zake.

Asubuhi yake walipishana mlangoni mwa msikiti, hakumsalimu. Baba alirudi akicheka. Mwaka uliofuata jino jengine lilipomshika, akaja tena, mara hii mchana, na bado salamu hakutoa. Salamu zilikuja kurejea baadae sana, na hazikuwa na uhusiano wowote na meno, walipatanishwa na mambo ya kuozeshana watoto. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba jino liliwapatanisha.

---

Dada wa Utah

Mmeru wa Usa, umenigusa. Mimi nimekulia huko huko Arumeru, na sasa nafanya kazi ya kusafisha meno kwenye kliniki moja huku Utah, Marekani.

Wenzetu hawa walianza kuongeza floraidi kwenye maji ya bomba mwaka 1945, Grand Rapids kule Michigan, ili meno ya watoto yasioze. Kiwango wanachopendekeza sasa ni miligramu 0.7 kwa lita. Machi 2025 gavana wa hapa alitia saini sheria ya kupiga marufuku, ikaanza kazi Mei 7, na Utah ikawa jimbo la kwanza. Florida ikafuata. Sasa hivi huku ukitamka floraidi, mtu anakutazama kujua uko chama gani.

Shida yangu ni kwamba meno yangu ya mbele ni ya kahawia, ya kwetu kabisa. Nikiwa na barakoa hakuna neno. Nikiishusha kumuaga mgonjwa, wengine wanaona. Bwana mmoja aliniambia kwa furaha kabisa, "Unaona? Hicho ndicho wanachotufanyia!" Akataka kunipiga picha akaonyeshe wenzake. Nilikataa picha, nikachukua karatasi nikamwandikia namba mbili: 0.7 ya kwao, na 10 na kuendelea ya visima vya kwetu. Nikamwambia kitu kile kile, kidogo ni kinga, kikizidi ni haya unayoyaona.

Mgonjwa aliyefuata alikuwa wa mrengo mwingine, akasikia, naye akataka nimsaidie kumsuta yule bwana. Nikakataa pia. Daktari mwenye kliniki aliniuliza kama sitaki nibandikiwe kava nyeupe bure ili haya mazungumzo yaishe. Bado nafikiria. Kusema kweli sijui kwa nini nifunike meno yangu kwa ajili ya uchaguzi wao.

---

Mmeru wa Usa

Dada, usifunike. Au funika ukipenda mwenyewe, lakini isiwe kwa ajili yao. Na ile karatasi yenye namba mbili nimeiiba, kesho inabandikwa ukutani.

---

Daktari wa Bonde la Ufa

Na mimi naichukua. Nakuru tuna floraidi hiyo hiyo. Heri wagonjwa wabishane juu ya karatasi kuliko juu ya jina langu.

---

Kijana wa Mbagala

Mleta uzi, nimesoma mpaka mwisho, maneno mazuri. Sasa kliniki iko mtaa gani? Gego la chini kushoto linaniua tangu juzi, nimeweka panado juu ya jino naona fizi imebabuka. Jamaa hapa wanasema maji ya betri ndiyo kiboko.

---

Koleo la Temeke

Kijana, maji ya betri USIWEKE. Hiyo ni tindikali, itaunguza fizi na ulimi. Panado ni ya kumeza, kidonge kikibandikwa juu ya fizi kinaweza kukubabua hivyo hivyo. Sukutua na maji ya vuguvugu yenye chumvi, njoo kesho saa mbili asubuhi ukiwa umekula. Nakutumia ramani inbox. Uchaguzi tutauongea ganzi ikiisha.