Mjadala: Anko ni nani hasa, mjomba au baba mdogo?

Wadau, kuna hoja naisikia sana siku hizi na inanikera, eti watoto wafundishwe anko na anti basi, haya ya mjomba, ami, baba mdogo, shangazi ni ya kizamani na yanawachanganya, mbona Kiingereza kina neno moja tu na wenzetu wamesonga mbele.

Mimi napinga, na naanzia huko huko kwa Waingereza. Uncle wamelitoa kwenye Kifaransa, oncle, kile kilichowaingilia baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi yao mwaka 1066, na Kifaransa kililirithi toka Kilatini, avunculus, yaani mjomba, kaka wa mama na sio mwingine, tena limejengwa juu ya avus, babu, kwa hiyo ni kama babu mdogo. Ndugu wa baba Warumi walimwita patruus, shangazi amita (ndo lililozaa aunt), mama mdogo matertera. Na Waingereza wa kale kabla ya hapo walikuwa na eam kwa mjomba na fædera kwa ndugu wa baba. Walitofautisha kama sisi, baadae ikawapotea, sasa kupoteza ndo tuite maendeleo?

Na hii tofauti ina kazi. Kwa Waluguru na Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, mjomba ana kauli kubwa kwa watoto wa dada yake. Juzi kwenye harusi MC katangaza anko wa bibi harusi apite mbele, wakanyanyuka watu kadhaa, mmoja ni rafiki wa baba wa kazini tu, na mjomba mwenyewe, mzee wa watu katoka Newala na basi, kitenge cha kumtuza binti kakipakata, kabaki kwenye kiti hajui kama ndo anaitwa yeye. Iliniuma sana.

Kumwita mtu mzima wa mtaani anko sina shida nako, ni heshima. Ninachokataa ni ndani ya familia, mtoto ana miaka kumi hajui yupi kaka wa mama yupi mdogo wa baba, wote maanko.

Wanaotetea anko waje na sababu nyingine, hiyo ya Kiingereza haisimami. Na kwenu nyie watoto mnamwitaje kaka wa mama yao?