Addis Ababa kwa mara ya kwanza: tupeane uzoefu

Mtoto wa Tandika: Wakuu, mwezi wa nane nakwenda Addis siku tano. Sijawahi kuvuka Namanga. Tiketi ninayo, kadi ya homa ya manjano ninayo, koti sina. Mliofika tupeane uzoefu.

Shangazi wa Ilala: Mwezi wa nane? Mwanangu, hapo ndipo mvua inapomwagika. Ndala ziache Tandika.

Mjukuu wa Makete: Baridi ya Addis ya kawaida tu. Watu wa Dar feni ikizidi kidogo mnatafuta blanketi.

Kisiki Kibichi: Shida si baridi, ni hewa. Mji uko juu zaidi ya mita 2,300. Nilipanda ngazi ghorofa tatu, moyo ukadunda kama nimekimbizwa na mbwa. Siku ya kwanza pumzika, mlima Entoto uache siku ya tatu.

Mjukuu wa Makete: Entoto nilipanda siku ileile niliyofika.

Kisiki Kibichi: Umekulia milimani Makete, unabishana nini?

Mpenda Sinia: Injera, ule mkate wao kama chapati laini, ina uchachu wa uji uliolala, siku ya pili utaitafuta mwenyewe. Muislamu uliza kabla hujakaa, migahawa ya nyama kule imegawanyika, ya Wakristo na ya Waislamu. Halafu mwezi wa nane Waorthodoksi wana mfungo wa Mariamu, kama wiki mbili hivi. Sehemu nyingi utaletewa dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu) na majani, hakuna nyama wala siagi.

Mhasibu Mchovu: Angalieni risiti! 2023 bosi alirudi na risiti za tarehe zao, zinasoma 2015. Mkaguzi alitaka kunila nyama. Mwaka wao una miezi 13.

Jirani wa Sinza: Mmenikumbusha machungu, ngoja niyamwage. Siku ya kurudi ndege ilikuwa saa sita na nusu mchana. Usiku nikampigia dereva aliyenizungusha siku zote, kijana mstaarabu. Kiingereza chake cha kuokoteza, changu cha kuombea maji. Nikamwambia "nain", akajibu "nain, ishi", yaani sawa. Nikalala usingizi wa pono.

Asubuhi nimekaa mapokezi, begi miguuni. Saa tatu kimya. Saa tatu na nusu simu haipatikani. Dada wa pale kakaa kwenye kigoda, kachoma buni mbele yangu, ubani unafuka, ananimiminia kikombe cha pili kutoka kwenye jebena, birika lao la udongo, na mimi jasho linanitoka kwenye baridi ile. Saa nne nikatoka kwenye mvua kutafuta teksi. Kupata gari kazi, kisha foleni. Nafika, kaunta imefungwa.

Nikarudi hotelini nimelowa chapa. Saa tisa kamili alasiri jamaa anaegesha gari, anashuka anatabasamu. "Nain!" Ananionyesha saa yake ya mkononi, mshale mfupi umelala kwenye tisa.

Wakuu, wale wanahesabu saa kama sisi! Jua likichomoza wanaanza moja. Ningemwonyesha vidole vitatu tungeelewana. Saa yetu ni moja, Kiingereza kikaja kukaa katikati.

Shangazi wa Ilala: Nimecheka hadi mjukuu kaamka.

Mjukuu wa Makete: Uzembe. Ungeenda na teksi ya hoteli.

Jirani wa Sinza: Wewe si ulipanda Entoto siku ya kwanza? Baki hukohuko.

Kisiki Kibichi: Tiketi mpya ulinunua?

Jirani wa Sinza: Nililipia faini ya kubadili. Usiniulize kiasi gani, mke wangu anasoma humu.

Mpita Njia: Ukiingia soko la Merkato, simu mfuko wa mbele. Na kijana akikualika barabarani "kahawa ya kienyeji kwa dada yangu", shukuru upite. Bili yake utaisimulia.

Mpenda Sinia: Si wote! Mimi nilialikwa nyumbani kwa watu, nikanywa vikombe vyote vitatu, mama wa nyumba akanilisha tonge kwa mkono wake. Ukikataa tonge lile umemkosea adabu.

Mpita Njia: Uliwajua kabla?

Mpenda Sinia: Ndiyo.

Mpita Njia: Basi.

Mhasibu Mchovu: Makumbusho ya Taifa ukamwone Lucy, mifupa ya zamadamu iliyofukuliwa 1974. Wenyewe wanamwita Dinkinesh. Na sanamu ya Mwalimu iko Umoja wa Afrika tangu 2024, ila geti lile si la kuingia kama Mnazi Mmoja, tafuta mwenyeji.

Kisiki Kibichi: Jirani, dereva ulimlipa?

Jirani wa Sinza: Nilimlipa. Hakuchelewa hata dakika.

Mtoto wa Tandika: Asanteni wakuu. Sasa koti, Karume wanauza bei gani?