Naomba ushauri: alama za siri kwenye gemu ya majaribio

Wakuu, naomba ushauri. Gemu inaenda kwa wajaribu 40 kabla ya kutoka, na ikivuja lazima ijulikane imetokea kwa nani. Namba ya mjaribu iliyofifia juu ya skrini haitoshi: video ikipandishwa mtandaoni hubanwa, namba inafutika, na mvujishaji akikata kingo ndiyo imekwisha.

Nafikiria kuficha alama ndani ya mandhari, tofauti kwa kila mjaribu: taa imewaka au imezimwa, kitabu chekundu kiko kushoto au kulia. Vitu 6 vya namna hiyo vinatoa michanganyiko 64. Shida ni kwamba wajaribu wawili wakilinganisha nakala zao wataona tofauti na kuzivuruga. Nipandishe hadi vitu 12, au nirudie vilevile katika kila hatua, maana kipande kinachovuja huwa kifupi?

La pili: notisi ya kuondoa video chini ya DMCA, sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998. Ikivuja sehemu ya mwisho wa hadithi, kuitoa haraka kunawalinda wachezaji, lakini pia kunathibitisha kuwa ni ya kweli. Mliowahi kusimamia hili, mnatuma mara moja au mnaacha ipoe?