Jina la marehemu Pinckney kwenye muswada uliokwama: tunamuenzi au tunamtumia?

Mleta mada: Wakuu, Clementa Pinckney, seneta wa jimbo la South Carolina na mchungaji wa Emanuel AME, kanisa la Wamethodisti weusi mjini Charleston, aliuawa humo kanisani tarehe 17 Juni 2015 pamoja na wenzake 8 waliokuwa kwenye somo la Biblia. Alikuwa na miaka 41. Baadaye muswada wa kuongeza adhabu kwa uhalifu wa chuki, yaani kumdhuru mtu kwa sababu kama rangi yake, ukapewa jina lake. Mwaka 2021 ulipita Baraza la Wawakilishi la jimbo, ukafia Seneti, nyumba ile ile aliyoitumikia. Mwaka 2023 ukapita tena chini, ukafia tena juu. Je, jina libaki?

Kanuni45: Kwanza tuelewane ulivyokufa. Haukupigiwa kura ukashindwa. Haukupigiwa kura kabisa. Seneti ile ina watu 46. Muswada ukitoka kamatini unaingia kwenye orodha ya shughuli, na seneta mmoja tu akiweka pingamizi, unahamia kwenye fungu la yenye ubishi. Hapo hausogei mpaka Seneti ikubali kuupa nafasi maalumu mbele ya mingine. Kipindi cha bunge ni miaka 2. Kikao cha mwaka wa pili kikifungwa, muswada usiopita umekwisha, mnaanza na karatasi mpya Januari. Kuuzuia hakuhitaji hotuba, ni kusaini tu na kusubiri Mei.

Mpinzani wa Hoja: Jina si hoja. Muuaji alitiwa hatiani na mahakama ya shirikisho Desemba 2016 kwa makosa 33, ya chuki yakiwemo, na Januari 2017 akahukumiwa kifo. Aprili 2017 akakiri mauaji mbele ya mahakama ya jimbo, akapigwa vifungo 9 vya maisha. Muswada unasema hadi miaka 5 ya ziada na faini hadi dola 10,000. Mtu aliyekwisha hukumiwa kifo unamwongezea mitano ya nini?

Bi Mizani: Kaka, unapima sheria kwa kesi kubwa kuliko zote. Mpime aliyepigwa akavunjwa taya kwa rangi yake, akapona. Waendesha mashtaka wa shirikisho huchukua kesi chache wanazochagua wenyewe. Miji kadhaa, Charleston ukiwemo, ikatunga sheria ndogo za uhalifu wa chuki, lakini mahakama ya manispaa kule ina dari yake: siku 30 jela, dola 500. Kati ya siku 30 za mji na sheria ya chuki ya Washington, jimbo halina kitu. Shimo ndilo hilo.

Mpinzani wa Hoja: Basi teteeni shimo, si jina. Ili kupata kura lazima vipengele vikatwe, na kila kinachokatwa kinakatwa kwa jina la mtu asiyeweza kukubali wala kukataa.

Bi Mizani: Hapo sina ubishi.

Pazia Jeusi: Mnasahau sheria ambayo haikubeba jina lake na ikapita. Tarehe 24 Juni 2015 jeneza lake lililazwa katika jengo la bunge mjini Columbia. Juu ya kuba, bendera ya Marekani na ya jimbo zilikuwa nusu mlingoti. Uwanjani, bendera ya waasi wa Kusini, wale waliopigana kulinda utumwa, ilibaki kileleni. Ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye mlingoti, haina kapi ya kuishushia, na sheria ya mwaka 2000 ilitaka theluthi mbili ya kila baraza ndipo iguswe. Wakatundika pazia jeusi dirishani ili waombolezaji wasiione. Hiyo ndiyo heshima ya bei rahisi: kitambaa na misumari. Kisha Julai, Seneti 36 kwa 3. Wawakilishi, baada ya zaidi ya saa 13 za mabishano, 94 kwa 20. Tarehe 9 Gavana Nikki Haley akasaini kwa kalamu 9, moja kwa kila aliyeuawa, na tarehe 10 bendera ikashuka. Siku 16 tangu pazia. Hakuna aliyehitaji kuandika "Pinckney" kichwani mwa muswada.

Kanuni45: Kweli, ila jimbo zima lilikuwa kwenye msiba na kamera za dunia ziko mlangoni. Mwaka 2021 hazikuwapo.

Mzee wa Lowcountry: Kamera! Mbona hamtaji za polisi? Baada ya Walter Scott kupigwa risasi na polisi North Charleston, Aprili 2015, Pinckney alisimama Seneti kuutetea muswada wa polisi kuvaa kamera. Ulisainiwa tarehe 10 Juni, wiki moja kabla hajauawa. Ila una tobo mbili. Idara ya polisi hailazimiki kuanza mpaka jimbo liipe fedha kamili, na video si kumbukumbu ya wazi ambayo mwananchi anaweza kuidai kwa sheria ya habari. Anayetaka kumuenzi aanzie hapo. Hili alilisema kwa mdomo wake, hatujamwekea sisi.

Mleta mada: Tobo ya fedha inazibwa kwenye bajeti, mzee. Ya video ndiyo itarudi kwa wale wale 46, na pingamizi la mtu mmoja.