Karamba Diaby: alichaguliwa na wananchi au alipewa kiti na chama?

Swali

Wadau, habari za wakati huu. Nimekuwa nikifuatilia safari ya kisiasa ya Dkt. Karamba Diaby, mzaliwa wa Marsassoum nchini Senegal, aliyekaa katika Bunge la Shirikisho la Ujerumani tangu 2013 hadi 2025 kwa tiketi ya SPD, chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia. Kinachonitatiza ni kwamba aliingia bungeni kupitia orodha ya chama, tena akitokea Halle, jiji la mashariki ambako wahamiaji ni wachache kuliko magharibi. Je, wananchi walimchagua kweli, au wakubwa wa chama ndio waliomweka pale?

Jibu la kwanza

Ndugu, ukianzia mwaka 2013 utakuwa umeikuta safari katikati. Diaby alifika Ujerumani Mashariki katika miaka ya 1980 kwa ufadhili wa masomo, akajifunza Kijerumani Leipzig, kisha akasomea kemia katika chuo kikuu cha Halle. Shahada yake ya uzamivu, ya mwaka 1996, ilihusu metali nzito na uchafu mwingine katika udongo wa zile bustani ndogo ambazo wakazi wa mjini hukodi ili kulima mboga na matunda. Katika eneo lenye historia ndefu ya viwanda vya kemikali, huo haukuwa utafiti wa kuwekwa kabatini, kwa sababu ulihusu chakula ambacho familia zilikuwa zikila.

Mwaka 2001 alipata uraia, na hapo ndipo mlango wa siasa ulipofunguka, kwani raia wa nchi zisizo za Umoja wa Ulaya hawaruhusiwi kupiga kura wala kugombea huko, hata katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Alijiunga na SPD mwaka 2008 na mwaka uliofuata akaingia baraza la jiji la Halle. Kwa maoni yangu udiwani ule ndio msingi wa yote yaliyofuata.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila hoja ya orodha inastahili jibu lake. Mpiga kura wa Ujerumani ana kura mbili: ya kwanza humwendea mgombea wa jimbo la uchaguzi, na ya pili hukiendea chama, ambacho hupata viti vya kuwapa watu walio kwenye orodha yake. Mwaka 2013 na 2017 Diaby aliingia kwa orodha, njia halali wanayopitia wabunge wengi. Mwaka 2021, hata hivyo, aliongoza kwa kura za kwanza pale Halle na kukitwaa kiti moja kwa moja. Kura hizo hakuna kiongozi wa chama awezaye kumgawia mtu.

Muulizaji

Ahsanteni, hilo la 2021 limenifungua macho. Mbona basi hakugombea tena?

Jibu la tatu

Alipotangaza uamuzi huo mwaka 2024 alitaja familia na haja ya kuwapisha vijana, nami sina sababu ya kulitilia shaka neno lake. Hata hivyo, Januari 2020 dirisha la ofisi yake ya Halle lilikutwa na matundu ya risasi, na mwaka 2023 ofisi hiyo ikachomwa moto. Alieleza hadharani kwamba alitishiwa kuuawa. Linaloniuma zaidi ni kwamba wafanyakazi wake nao walitishwa, na hao hawakuwa wamegombea cheo chochote.